Ujia wa Nyumba Nane

Balikpapan, 14 Januari 2007

Budhe mpendwa,

Assalaam alaikum. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti linalokusumbua wakati wa mvua liwe limekuhurumia. Mama anakusalimu. Presha yake imetulia tangu aache chumvi, ila sasa kutwa analalamikia chakula, kwa hiyo sijui ni nani hapa aliyepata nafuu. Mimi sijambo. Ofisini wamenipa tena benki ya kuchora, vioo juu hadi chini.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu unaisikia kama nzi aliyefungiwa koponi. Kila nikipiga unasema "eeh, eeh, sawa," halafu unakata. Ndani ya bahasha kuna michoro mitatu ya nyumba yetu.

Budhe, sijawahi kuchora kitu kwa moyo hivi. Tetemeko la mwaka jana liliangusha nyumba ya Babu, na miezi mitatu baadaye Baba akafariki bila kukikanyaga kiwanja hicho. Tangu hapo nikifumba macho nakuona wewe, shangazi yangu, dada yake mkubwa, unalala jikoni kwa kuwa ndicho chumba pekee kilichobaki kimesimama. Unalala na masufuria! Nataka ukae katika nyumba. Na mimi na Mama tunataka kuhamia huko tukae nawe.

Nimehakikisha nyumba inafanana na mtaa. Kamati ya mtaa wa kale imeupitisha mchoro bila neno: mwinamo wa paa ni uleule, vigae vya udongo, nguzo za msaji, madirisha ya kijani. Mbele ni baraza, nyuma ni nyumba ya ndani, kama enzi za Babu. Kati ya viwili hivyo palikuwa na ule uwazi mrefu usio na kazi. Nimeuingiza ndani, umekuwa sebule yako yenye bustani ndogo. Hutalowa tena ukitoka barazani.

Na jambo moja dogo. Kwenye funguo za Baba za kila siku nimekuta ufunguo wa chuma wa kizamani, mrefu kama kidole cha kati. Hakuna kitasa hapa unachoingia. Mama anasema alikuwa nao tangu walipooana. Je, ni wa nyumba ya huko?

Mwanao,
Wening


Kotagede, 11 Februari 2007

Nduk Wening, mwanangu,

Waalaikum salaam. Tupo, tunapumua, mvua inanyesha mpaka vyura wamechoka. Mwambie mama yako aibe chumvi kidogo siku ya Ijumaa, sitamsema. Goti langu linamsalimu.

Barua yako ilichelewa kwa sababu tarishi alimpa Jumilah, yule jirani anayeuza vikate vya kijani vya kipo, na Jumilah akaitia kwenye kapu lake pamoja na vikate vyenyewe. Sasa paa la nyumba yako mchoroni lina doa la kijani; ni la kipo, si kosa la tarishi. Alipoutazama mchoro alisema, "Loo, nyumba ya kisultani! Na huyo msanifu wenu ameshaolewa, au kaolewa na majengo?" Nikamwambia aulize mwenyewe.

Michoro nimeibandika ukutani, juu ya mtungi. Ni mizuri. Nguzo nzuri, paa zuri, madirisha mazuri.

Asubuhi hii nilikuwa nimekaa kwenye benchi langu nachambua mboga ya kangkung. Mzee Pawiro, mfua fedha wa nyumba ya pili, akapita na baiskeli yake. Unajua huku mtu akifika langoni hushuka akaisukuma, hata awe na haraka ya kwenda kuzaliwa upya. Akasema, "Naomba njia, dada." Nikamwambia, "Njia ni yako." Akaniuliza goti. Nikamuuliza macho. Nyuma yake akaja Jumilah na sinia lake kichwani, akaniachia kipo viwili, halafu wanawake watatu wa darasa la Kurani, halafu mtu amebeba jogoo. Wote wamejaliwa miguu mizuri. Hata wakizunguka kwa barabara kuu na zile pikipiki, nadhani haizidi robo saa.

Basi, ni habari za mtaani tu, hazina maana.

Kuhusu chuma, huku kifusi kimejaa vyuma vya kila aina.

Ule vizuri. Unakonda, nimeona kwenye picha.

Budhe wako,
Sukesi


Balikpapan, 10 Machi 2007

Budhe mpendwa,

Salamu kutoka kwenye joto. Mama aliposikia umemruhusu chumvi ya Ijumaa alifurahi mpaka nikajuta kumsomea. Mwambie Jumilah sijaolewa, na kwamba majengo hayakoromi.

Nashukuru kwa kuniambia habari za hao watu. Nimewaza sana. Kuta zimeanguka, kwa hiyo kila mtu anakatisha uani kwako, mpaka mtu na jogoo wake! Nilipokuja zile siku mbili baada ya tetemeko niliona hivyo hivyo, watu wanatembea juu ya vifusi kila upande, na nikakuonea huruma huna hata faragha ya kuchambua mboga. Nyumba ikisimama mambo hayo yatakwisha. Nimeongeza milango miwili imara ya msaji, mmoja kila upande wa sebule yako; mchoro mpya umo humu. Utafunga, utatulia.

Kwenye picha zilizopigwa na kamati nimeliona hilo benchi lako. Budhe, lile si benchi, ni mbao kuukuu zenye matundu, na moja imepasuka. Litupe. Nitakutengenezea jipya lenye mgongo.

Na umesahau kunijibu kuhusu ufunguo.

Fundi yuko tayari kuanza baada ya mvua. Niambie tu kwamba umeridhika.

Mwanao,
Wening


Kotagede, 20 Mei 2007

Nduk,

Natumaini nyote wazima. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Nilikuwa na kazi.

Nimefikiri. Mimi ni mtu mzima, nyumba ni kubwa, kufagia kwake tu ni safari. Jiko linanitosha. Afadhali ujenge hukohuko, mkae na mama yako karibu na hospitali. Michoro nimeikunja vizuri, ile ya doa nimeifuta nilivyoweza. Nitamtafuta mtu wa kuileta.

Usinifikirie vibaya. Umefanya kazi nzuri sana.

Benchi silitupi.

Sukesi


Balikpapan, 17 Juni 2007

Budhe wangu,

Assalaam alaikum. Sisi wazima wa mwili. Barua yako nimeisoma mara nne, na mara ya nne nilikuwa nimejifunika nayo uso nalia. Nilijiuliza kama hunitaki. Baba hakunileta huko hata Idi moja, labda mimi kwenu ni mgeni tu mwenye jina la ukoo.

Mama aliniona, akaichukua, akaisoma amesimama. Unamjua Mama, Mbanjar yule, si Mjava. Akasema, "Nimeishi na mmoja wao miaka thelathini na minane. Sisi tungeshapiga kelele mpaka kuku wakimbie. Wajava wakisema 'jiko linanitosha' kuna kitu kinawachoma mpaka mfupani. Kiulize."

Sikuwa nimeuliza bado alipopiga simu Tulus, yule mpimaji niliyemtuma kupima kiwanja kabla hujaniandikia. Akasema, "Dada, kazi haijaisha." Nikamuuliza amefanya nini siku nzima. "Nimeshusha kamba. Nikiivuta tu, mtu anafika, anainama, 'samahani, naomba njia,' naishusha. Mpaka adhuhuri nimeishusha mara hamsini na tatu. Mara ya mwisho ilikuwa jeneza. Nikavua kofia." Kisha akasema, "Dada, hapa kwenye mchoro umeandika 'uwazi usio na kazi'. Mimi mtaa mzima huu sijaona mahali penye kazi kama hapo."

Budhe, nilikwenda kuitoa hati ya kiwanja nikaitandaza mezani. Hakuna njia. Hakuna hata mstari. Ardhi yote ni yetu, toka barabara ya mbele hadi ukuta wa nyuma. Nikamuuliza Tulus, akaniambia kwa majirani ni hivyohivyo: nyumba nane zimepangana mstari mmoja, kila moja imeacha kipande cha ardhi yake kati ya baraza na mlango wake, na vipande vinane vimekuwa ujia wa watu wote. Hakuna karatasi inayosema hivyo. Kumbe ndiyo ile "njia ni yako". Na mimi, niliyejisifu kwamba nyumba yangu inafanana na mtaa, niliangalia vigae.

Ningeifuta ile sebule kwa dakika moja. Kwa nini hukuniambia tu? Je, nimekuumiza? Na benchi lina nini?

Naomba unijibu hata kama ni kunigombeza.

Wening


Kotagede, 22 Julai 2007

Nduk, mwanangu,

Mimi mzima. Jumilah mzima, Pawiro mzima, ila ameanza kuvaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Mkumbatie mama yako kwa niaba yangu. Kumbe miaka yote ile alikuwa anatusoma kama gazeti.

Wewe si mgeni hapa. Ukinirudia tena maneno hayo nitakupiga na mwiko.

Sikukuambia kwa sababu, ili nikuambie wewe, ningelazimika kumsema baba yako, naye amekwisha kwenda, na wewe unampenda. Nilipima wiki nyingi. Lakini mpimaji wako alikuwa mtu mwenye adabu, na mama yako kasema uulize, basi nakujibu.

Mwaka 1967 Harsono, baba yako, alikuwa anasomea mtihani wa kuingia chuo. Chumba chake kilikuwa kinatazama ujia. Alisema hawezi kusoma, kila dakika naomba njia, naomba njia. Alikuwa na mikono mizuri. Akatengeneza mlango wa msaji, akatia kitasa, akaufunga na ufunguo akatia mfukoni. Alisema ni mpaka mtihani uishe, siku kumi tu. Nyumba yetu iko katikati, kwa hiyo alipofunga kwetu alifunga mtaa mzima.

Hakuna aliyegomba, Nduk. Laiti wangegomba. Walizunguka tu. Pawiro alikuwa kijana, na akikutana naye dukani alimwambia, "Masomo yanakwendaje, Har?" na anatabasamu kama kawaida. Mimi ndiye niliyekuwa nakosa usingizi. Hata mimi sikumwambia kitu. Nilimpikia tu vyakula anavyovipenda, nikidhani ataelewa. Hilo ndilo kosa langu, na miezi hii nimelirudia kwako.

Siku ya mtihani wenyewe, mimi nilikuwa sokoni. Bibi yako aliteleza hapohapo ujiani akielekea kisimani, akavunjika nyonga. Aliita. Siku nyingine yoyote asingelala pale kwa muda wa kukohoa mara mbili. Siku ile hakupita mtu. Nilimkuta baada ya adhuhuri, amejifunika uso na kitambaa kwa ajili ya jua.

Alipona, ila mguu mmoja ulibaki mfupi, akachechemea miaka kumi na mmoja mpaka alipofariki. Hakumlaumu mwanawe hata siku moja. Alisema palikuwa pana utelezi, basi. Lakini baba yako alikuwa akisikia ule mguu unavyoburutwa sakafuni, na nilimwona uso wake. Aliung'oa mlango kwa shoka. Baada ya miezi michache akapanda meli. Alituma barua, alituma nguo za Idi kila mwaka, na hakuja. Nadhani hakuweza kusimama langoni akasema "naomba njia" mbele ya watu aliowanyima.

Mchoro wako wa pili ulipofika, nikaona milango, na mmoja uko palepale pa mlango wake. Na mistari yako imenyooka kama yake. Nililia, sikujua nakulilia wewe au yeye.

Mbao alizozipasua nilizikusanya mimi, nikamwomba fundi azipigilie miguu, likawa benchi langu. Matundu uliyoyaona ni ya bawaba. Kitasa kipo upande wa chini. Majirani wamekaa juu yake miaka arobaini, wanapumzisha mizigo yao, na hakuna anayesema lilikuwa nini, ingawa wote wanajua.

Kwa hiyo sasa unaujua huo ufunguo. Mimi sikujua kwamba anao. Niliamini aliutupa baharini.

Budhe wako,
Sukesi


Balikpapan, 19 Agosti 2007

Budhe wangu,

Sijui nianzeje salamu. Mama anakukumbatia. Nilimsomea barua yako jikoni, akaweka mwiko chini, akakaa. Baadaye akasema, "Ndiyo maana." Nikamuuliza ndiyo maana nini. "Ndiyo maana hakutaka mlango wa chumba chetu ufungwe. Nilidhani anaogopa moto." Tulilia, tukacheka, wali ukaungua.

Sikasiriki na Baba. Nilitaka kukasirika nikashindwa. Nakumbuka jinsi alivyokuwa akiketi mbele ya nyumba yetu huku kila jioni, na kila anayepita anamsalimu kwa jina, hata wauza samaki asiowajua. Nilikuwa naona haya, nikidhani ni ushamba.

Michoro ya zamani nimeichana. Nilichukua karatasi nyeupe, nikachora ujia kwanza, nyumba nikaichora baadaye. Mchoro umo humu ndani. Milango ya sebule haipo, sebule yenyewe haipo. Baraza liko upande huu, nyumba ya ndani upande ule, na paa la kila upande limesogea mbele kidogo ili anayepita wakati wa mvua asilowe. Chumba chako dirisha lake linatazama ujia, kwa sababu nadhani ndivyo utakavyotaka. Jiko nimeliacha lilivyo, limekuheshimu nalo liheshimiwe. Benchi lina mahali pake, nimeliandika kwa wino.

Upana wa ujia sikuuandika. Nilishika kalamu nikaona haya. Waulize wenyewe.

Lakini Budhe, naogopa. Nataka kuja Idi, na Mama. Nitapitaje hapo, mimi mtoto wa aliyewafungia? Watanitazamaje? Na huu ufunguo niufanye nini? Nimeutoa kwenye funguo za Baba, nikaurudisha, nikautoa tena.

Mwanao,
Wening


Kotagede, 23 Septemba 2007

Nduk Wening,

Salamu za Ramadhani. Funga inakwenda vizuri, ila Jumilah kila alasiri anakaa karibu nami na kapu lake la kipo, anasema ananipima imani. Mwambie mama yako mwezi huu chumvi yote ni halali baada ya magharibi.

Upana umepatikana. Jana baada ya alasiri tulifunga kamba mbili kwenye vigingi, kila mtu akaja. Kwanza alipita Pawiro na baiskeli, na Jumilah akaja kutoka upande wa pili na sinia kichwani, wapishane. Walikwama. Pawiro akasema, "Kamba iko sawa, tatizo ni mzigo." Jumilah akamjibu, "Mzigo ni miwani yako hiyo miwili! Mwambieni msanifu mimi nimenenepa tangu mwaka 1967, aongeze." Tukasogeza kigingi. Kisha wakaleta jeneza la msikitini, tupu, wanaume wanne, wakalipitisha toka lango hadi lango. Likapita bila kugusa kamba. Mtu akasema, "Basi, hapo," na wakati huo hakuna aliyecheka. Nakutumia kipande cha kamba ndani ya bahasha hii, nimekikata sawasawa na upana huo. Fundi aanze.

Kuhusu lile unaloogopa, niliona nisikujibu kwa kichwa changu. Nimewahi kukaa kimya mara mbili, inatosha. Nikamwambia Pawiro wazi, mbele ya wote: mtoto wa Harsono anaogopa kupita. Neno hilo, Nduk, halijatamkwa hapa miaka arobaini. Pawiro alivua miwani yote miwili. Akasema, "Har alitufungia siku kumi. Mwambie huyo binti hatukukasirika siku hata moja. Lililotuuma ni kwamba alipoufungua hakupita." Na Jumilah akalia, yule Jumilah wa kila kitu mzaha, akaniambia nikuandikie kwamba atakutengenezea kipo sinia zima na hatakuuliza habari za mume mpaka siku ya pili.

Kwa hiyo njoo. Gari likikushusha, usizunguke kwa barabara kuu ukaja kwa nyuma kama mgeni. Ingia lango la magharibi. Mshike mama yako mkono, panaweza kuwa na utelezi. Kila nyumba sema "naomba njia", usiharakishe, wape muda wa kukujibu. Ukiwa kwenye nyumba ya kwanza tu mimi nitakuwa nimeshasikia. Hivyo ndivyo tunavyojua hapa nani amefika na nani ameanguka.

Ufunguo usiulete kwa ajili ya kitasa. Kimekula kutu, nimejaribu kukichokonoa kwa msumari hakitikisiki. Utoe mfukoni uushike mkononi toka lango mpaka kwenye benchi. Miaka arobaini nimekaa juu ya mlango wa baba yako natega sikio upande wa magharibi. Nataka naye awe amepita.

Nakungoja hapohapo.

Budhe wako,
Sukesi